Mama Da-on wa Jengo la Tatu

Huko Jinhae, mji wa bandari wa Korea Kusini, mke wa mwanamaji wa nyambizi hamuulizi mumewe atarudi lini. Akiuliza hatajibiwa, kwa sababu mume mwenyewe hajui, na kama anajua, haruhusiwi kusema. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwisho wa Februari, Eom Gi-tae alipoinama mlangoni kufunga kamba za viatu, mkewe alimuuliza jambo moja tu.

"Umechukua soksi nzito?"

"Nimechukua."

"Haya."

Akaita lifti, akaondoka na begi lake begani. Mke akafunga mlango, akarudi jikoni kumalizia figili aliyokuwa akiikata.

Jina lake lilikuwa Tak Hye-won, ila katika majengo yale ya familia za wanajeshi hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mama Da-on, kwa jina la binti yake mkubwa, mwenye miaka mitano. Mdogo, Ri-an, alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na alijifunza kukimbia kabla hajajua kusimama vizuri, basi kutwa nzima alikuwa akijigonga kwenye kuta. Walikaa jengo la tatu, ghorofa ya nne. Dirishani waliona paa la jengo la pili na kipande cha bahari kisichozidi taulo.

Miaka ya mwanzo Hye-won alikuwa akilia Gi-tae akiondoka. Alijifungia bafuni, akafungulia maji, akalia mpaka kilio kikamwisha, kisha akanawa uso na kutoka kama aliyekuwa anaoga. Asubuhi ile hakulia. Wala hakujizuia kulia. Alimaliza figili, akaitia chumvi, akatazama saa. Basi dogo la njano la chekechea hufika getini saa tatu kasoro dakika kumi, na mtoto asipokuwepo halingoji.

Alizaliwa Sangju, nyumba ya wakulima wa gam, yale matunda mekundu yanayomenywa msimu wa baridi ukikaribia na kuning'inizwa kwa kamba barazani mpaka yakauke. Baba yake alitaka awe mwalimu, na mwalimu akawa, ila wa kuogelea, katika jiji la Daejeon. Alikuwa na sauti. Hakuhitaji filimbi; akiita mtu upande wa pili wa bwawa, hata waliokuwa chini ya maji walijitokeza kuuliza kuna nini. Hapo bwawani ndipo alipomkuta Gi-tae, kijana wa jeshi la majini aliyekuja likizo kujifunza kuogelea kwa siri, maana wenzake kambini walikuwa wamechoka kumcheka.

"Wewe ni mwanamaji wa wapi?" Hye-won alimuuliza siku ya kwanza, alipomwona anavyokwenda chini miguu ikitangulia. "Wa kwenye picha?"

"Mwalimu, nimeomba kuhamia kwenye nyambizi," Gi-tae akajibu huku akitema maji. "Kule kazi ni kuzama. Mimi nimeanza mapema."

Hye-won alicheka mpaka akakaa chini kwenye vigae vilivyolowa. Mwaka uliofuata wakaoana.

Wakaishi Donghae, wakahamia Pyeongtaek, kisha Mokpo, na mwisho Jinhae, Gi-tae alipopata ile nyambizi yake. Nyumba nne kwa miaka saba. Kila mji Hye-won alitafuta bwawa na kuanza upya, na kila alipopata wanafunzi wa kutosha, barua ya uhamisho ikafika. Mokpo alikuwa na darasa la bibi kumi na wawili, wengine na miaka sabini na ushei, waliokuwa wakiogopa maji kama paka. Siku bibi wa mwisho alipoweza kuelea peke yake walimpigia makofi mwalimu wao na kumletea keki za mchele. Wiki hiyohiyo akapakia sahani. Alipofika Jinhae hakutafuta bwawa tena. Masanduku matatu hakuyafungua kabisa. Yalibaki kwenye kibaraza cha ndani na karatasi zake za gundi, na Ri-an akayafanya ngazi.

Hakuna siku anayoweza kuitaja kwamba ndipo hali ile ilipoanza. Mguu ulioukalia vibaya hujui umekufa ganzi dakika gani. Unajua unapotaka kusimama. Aliona tu kwamba vitu vimekuwa mbali. Kwenye sherehe ya chekechea, Da-on aliimba mbele ya wazazi akiwa amevaa masikio ya sungura, kina mama wengine wakifuta machozi, na Hye-won akajikuta anahesabu viti. Vilikuwa arobaini na vinane. Alijiambia ni uchovu. Chakula alikula, kwa kuwa watoto walikula. Nyumba ilikuwa safi kuliko zamani.

Jirani yake wa ghorofa ya tatu alikuwa Mama Seung-a, mwanamke wa Yeosu mwenye miaka arobaini na mitano na mdomo usiopumzika. Mumewe alikuwa sajinimeja katika nyambizi ileile. Alikuwa akipanda ngazi bila kualikwa, na bakuli la kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachushwa, mkononi, akianza kuongea tangu kwenye korido.

"Mama Da-on! Fungua, mkono unakatika. Leo nimeitia chaza, usiniambie watoto hawali chaza, nitawapigia magoti. Mbona uso umekuwa kama karatasi? Unakula?"

"Nakula, dada."

"Unakula nini? Mabaki ya watoto ukiwa umesimama kwenye sinki?"

"Hamna kitu, dada. Niko sawa."

"Sawa, sawa. Hata marehemu wa kwetu alisema yuko sawa," alisema Mama Seung-a, akimaanisha babu yake, kisha akakaa saa nzima akimsema mkwe wa dada yake.

Siku ya thelathini na moja tangu Gi-tae aondoke ilikuwa Jumatano. Yapata saa kumi na moja jioni, Hye-won alikuwa akikaanga mayai, na sufuria ya umeme ya wali ilikuwa kwenye rafu ya chini kwa sababu meza ya jikoni ni nyembamba. Sufuria zile husema. Ikatoa sauti yake ya kike, ya upole: mvuke unatoka, tafadhali kaa mbali. Ri-an akaisikia, akafurahi, akaja mbio na kuweka kiganja juu ya tundu.

Mayowe yale yalisikika mpaka kwenye maegesho ya magari.

Hye-won alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alimnyanyua, akazima jiko kwa kiwiko, akafungulia maji baridi na kuushika ule mkono mdogo chini ya bomba, akihesabu dakika kwa saa ya ukutani. Mtoto alijinyonganyonga na kumpiga mateke tumboni. Zilipotimia dakika ishirini akaufunika mkono kwa kitambaa kilicholowa, akamfunga mgongoni, akamvalisha Da-on koti, akaita teksi. Dereva, mzee mwenye glavu nyeupe, ndiye aliyekuwa akitetemeka. "Maskini, maskini," alirudia katika kila taa nyekundu. Hye-won alimwelekeza njia ya mkato.

Hospitalini daktari kijana alisafisha jeraha na kulifunga. Kiganja kizima kimeungua, alisema, pamoja na vidole vitatu. Itabidi aje kila siku, na kidole cha mwisho huenda kikakakamaa. Hye-won aliuliza saa za kufungua, akaandika nambari ya chumba. Daktari alimtazama kidogo.

"Mama, na wewe huo mkono vipi?"

"Mkono gani?"

"Huo."

Akautazama. Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa imevimba, nyekundu, na malengelenge mawili makubwa kama zabibu. Bila shaka ni mvuke uleule, alipomvuta mtoto. Saa nzima na zaidi alikuwa amembeba mtoto kwa mkono ule, akamfunga nao mgongoni, akalipia nao teksi. Aliutazama kama mkono wa mtu aliyekaa naye foleni.

"Hauumi?" daktari akauliza.

"Sijui," alisema, na ilikuwa kweli.

Walipotoka kwenye lifti ya jengo la tatu, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, Mama Seung-a alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya nne na supu ya mwani kwenye chungu. Mara hii hakutania. Alimtazama mtoto, akautazama mkono wa Hye-won.

"Umelia?"

"Kalia sana, sasa hivi ndiyo kanyamaza."

"Sikuulizi huyo. Nakuuliza wewe."

"Hamna kitu, dada. Asante kwa supu."

Siku kumi baadaye maua ya cheri yalichanua. Msimu ule mji wa Jinhae hujaa wageni mpaka wenyeji hukosa pa kukanyaga. Barabara zinafungwa, teksi hazipatikani, na kila anayetaka kununua vitunguu lazima apite katikati ya watu wanaopiga picha. Hye-won alikuwa akitoka kubadilisha bendeji ya Ri-an simu ilipolia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, Mwalimu Bong, binti mwenye sauti nyembamba.

"Mama Da-on, samahani, usishtuke. Da-on ameanguka kwenye vyuma vya kupandia. Mdomo umepasuka. Tumempeleka kliniki hapa jirani, ameshonwa nyuzi tatu. Yuko salama."

"Nakuja."

"Mama Da-on, kuna jambo jingine. Hakulia. Damu ilikuwa nyingi, mimi mwenyewe niliishiwa nguvu. Yeye aliniambia, hamna kitu, Mwalimu. Akaomba karatasi, akapiga magoti akaanza kufuta damu sakafuni. Wakati wa nyuzi vilevile. Nimefundisha miaka sita. Watoto wa umri huu hulia hata penseli ikivunjika."

Teksi hakuna, basi halisogei. Hye-won alikwenda kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini, akipenya kati ya wageni na vijiti vyao vya kupigia picha. Maua yaliyopukutika yalikuwa yakimnata Ri-an kwenye bendeji mpya. Msichana mmoja alimsimamisha akamwomba awapige picha yeye na mchumba wake, na Hye-won akawapiga, tatu, moja wakiwa wamesimama na mbili wakirukaruka.

Da-on alikuwa amekaa kwenye benchi la chekechea amevaa begi lake, miguu pamoja, mdomo umevimba kama plamu. Wakaanza kurudi nyumbani.

"Iliuma?" mama akauliza.

"Kidogo."

"Mbona hukulia?"

Da-on alifikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Ningelia ungenibeba," alisema. "Na mikono yako imejaa."

Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kwamba duka limefungwa. Na sauti ile Hye-won aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ileile ya hamna kitu, dada. Alisimama katikati ya barabara iliyofungwa, watu wakipita kushoto na kulia. Alingoja kitu kimpande kifuani. Kilichokuja ni akili tu, kavu, ikimwambia jambo moja: mtoto huyu anajifunza kwangu.

Walipofika nyumbani hakupanda ghorofa ya nne. Aligonga ya tatu.

"Dada," alisema mlango ulipofunguliwa, "sisikii kitu."

"Masikio? Ndiyo hizo redio za vijana, unaziweka—"

"Sisikii kitu. Huyu ameungua, sikusikia. Mimi mwenyewe nimeungua, sikusikia. Huyu ameshonwa mdomo, nimekuja nasimama njiani kupiga watu picha. Ni kama nimewekwa nyuma ya kioo. Naona yote, lakini sisikii."

Mama Seung-a alinyamaza. Tangu wafahamiane hajawahi kunyamaza kiasi kile. Aliwaingiza watoto ndani, akawawashia katuni, akawapa mtindi kwa mirija. Kisha akashika funguo.

"Vaa viatu."

"Nimevaa, dada."

"Basi twende. Kuna daktari wa mambo hayo, nyuma ya ofisi ya posta. Seung-a ametoka shule, atakaa nao. Mimi nilikwenda kwake miaka miwili, Seung-a alipokuwa wa umri wa huyu wako."

"Wewe, dada?"

"Unadhani mdomo huu nimezaliwa nao? Mwaka mzima sikusema neno. Mume wangu alidhani nimekasirika, akawa ananinunulia viazi vitamu. Viazi, hebu fikiria! Nyumba ilinuka viazi."

Hye-won alijua kwamba hapo mtu hucheka. Akatabasamu kwa adabu, akamfuata.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliuliza maswali mengi madogo: unalala saa ngapi, unakula nini, mara ya mwisho ulikasirika lini. Hilo la mwisho Hye-won hakuweza kulijibu. Daktari alisema ni ugonjwa wa sonona, una dawa, na si kosa lake wala si udhaifu. Itachukua muda. Usitegemee kuamka siku moja umepona, alisema. Hye-won akachukua vidonge, akavimeza kila asubuhi pamoja na supu, na hakuona tofauti.

Nyambizi ilirudi siku ya hamsini na mbili. Kundi la simu la wake wa wanamaji lilipata ujumbe saa nne asubuhi, na saa nane mchana Gi-tae alikuwa mlangoni, mweupe kama figili, nguo zikinuka dizeli na jasho la watu arobaini. Ri-an alimtazama, akajificha nyuma ya miguu ya mama yake. Gi-tae akachuchumaa kumbembeleza, ndipo akauona mkono wa mtoto.

"Hii nini?" Akamgeukia mkubwa, akaona mdomo. "Na hii? Mama Da-on, kumetokea nini humu ndani?"

Hye-won akamweleza. Alikaa kwenye sakafu yenye joto na kusimulia yote kwa mpangilio: mvuke, dakika ishirini, teksi, mkono wake, vyuma vya kupandia, nyuzi tatu, kutembea, picha, daktari wa nyuma ya posta, vidonge. Alipomaliza, Gi-tae alikuwa analia, mabega yakimruka, na Da-on akamletea karatasi za kujifutia. Hye-won alimtazama mumewe kama anavyoitazama mvua ya nje akiwa ndani. Alitamani imnyeshee. Haikumnyeshea.

Siku mbili baadaye, wakiwa wanakunja nguo, Gi-tae akasema asichokuwa na namna ya kutosema.

"Barua imetoka. Juni. Kisiwa cha Jeju."

"Sitapakia," alisema Hye-won.

"Unasemaje?"

"Sitapakia. Nenda wewe, ukitaka. Mimi na watoto tunabaki hapa. Daktari yuko hapa, Mama Seung-a yuko hapa. Siwezi kubeba sahani tena."

Hakupaza sauti. Kwa miaka saba hajawahi kusema hapana kwa barua ya jeshi, na sasa aliisema kama anayeomba apishwe kwenye lifti. Gi-tae alishikilia fulana ya mtoto muda mrefu bila kuikunja.

"Nikiikataa watanitoa majini, na mimi nje ya nyambizi sijui kitu," alisema mwishowe. "Wewe unajua. Nilisubiri miaka sita kuipata."

"Najua, Baba Da-on."

"Unadhani watanikubalia nibaki?"

"Sijui. Waulize."

Aliuliza. Alikwenda kwa kamanda wake, akakaa ukingoni mwa kiti, akaeleza kama alivyoelezwa yeye, bila kuficha neno. Zikapita wiki tatu. Jibu lilipokuja alikuwa amepewa kazi ya nchi kavu, kwenye chuo cha mafunzo palepale Jinhae, kuwafundisha vijana wapya juu ya vali na mabomba. Usajinimeja aliokuwa akiungoja ukaenda kwa mwingine. Nyambizi ilipoondoka tena, Gi-tae alikuwa kwenye kituo cha basi na kikombe cha kahawa ya mashine, na kwa siku nyingi baada ya hapo alirudi nyumbani na kukaa kwenye kochi bila kuwasha televisheni. Sasa walikuwa wawili walionyamaza. Mama Seung-a aliwaita jumba la makumbusho.

Kiganja cha Ri-an kilipona vizuri. Kidole cha mwisho kilibaki kimepinda kidogo, kama cha mtu anayeshika kikombe kwa maringo. Mdomo wa Da-on ulibaki na mstari mweupe. Jeju hawakwenda.

Majira ya kiangazi yakapita, zikaja dhoruba mbili, ukafika mwezi wa kumi. Jumamosi moja mchana, Hye-won alirudi kutoka sokoni akamkuta Gi-tae amefua. Alikuwa amefua kila kitu pamoja, sweta ya sufu ya Da-on iliyofumwa na bibi yake wa Sangju ikiwa humohumo, kwa maji ya moto. Ilikuwa imekuwa ya mwanasesere.

"Nilidhani—" alianza Gi-tae.

"Ulidhani nini! Una macho au una matundu? Imeandikwa kwenye kola, hapa, hapa, mtu mzima unasoma vali na mabomba kutwa, kitambaa huwezi kusoma? Mama yangu amefuma miezi miwili na macho yake yale! Hebu itazame! Itazame! Utaivaa wewe?"

Sauti ilitoka na kupiga kuta. Ghorofa ya pili waliisikia. Masikio yake yalichemka, moyo ukagonga, na bado maneno yalikuwa yanakuja, juu ya soksi, juu ya kochi, juu ya Mokpo na wale bibi kumi na wawili. Gi-tae alisimama na kisweta mkononi, macho yamemtoka.

Ri-an akaanza kulia kwa hofu. Da-on, aliyekuwa mlangoni akichora, alimtazama mama yake muda, kisha naye akaanza, taratibu kwanza, halafu kwa sauti yote, mdomo wazi, makamasi yakishuka.

Hye-won akaketi sakafuni katikati ya nguo mbichi, akawaita watoto wote wawili, wakaja.